Chatu Aliyefunikwa Hatazamwi

Mwalimu Balele aliingia getini na kapu mikononi, akicheka peke yake kama mtu aliyeokota pesa.

"Mwangaluka, mayu Mbuke!" alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima. "Njoo uone. Mke wangu kanizalia uzeeni!"

Mbuke Lugembe, mlezi mkuu wa Nyumba ya Ulezi hapo nje kidogo ya Magu, alijifuta mikono akasogea mezani. Hakuwa na wasiwasi bado. Mzee huyu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kwimba, mwenye moyo mbovu, na chatu aliyepewa kuulinda moyo huo, amwonye kabla haujamshika, alimwita Ngolo, jina la marehemu mkewe. Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Karibu kila mteja wa Usukumani alimpa chatu wake jina la marehemu, kwani tangu zamani chatu akiingia nyumbani kwa Msukuma hapigwi. Huulizwa ni nani aliyerudi. Kampuni iliyowabuni chatu hawa huko Dar es Salaam ilikuwa imejiandaa kwa miaka ya kuwabembeleza watu wasiogope nyoka, ikakuta huku kanda ya ziwa watu wamekwisha kutandika vitanda.

Mwalimu alifunua khanga. Ngolo alikuwa amejiviringa, mwembamba, wa kahawia wenye mabaka ya njano, urefu wake haufiki hata kimo cha mtoto wa shule. Katikati ya mviringo wa mwili wake kulikuwa na mayai meupe yaliyogandana.

"Haya ni matupu, Mwalimu," Mbuke alisema kwa upole. "Jike hutaga hata asipopandwa. Kama kuku wa kisasa tu."

"Pima, mwanangu. Pima kwanza."

Mbuke akachukua tochi ndogo, akalitia yai moja mwanga kwa nyuma. Alitarajia kuona uji wa njano, kama siku zote. Badala yake aliona mishipa myekundu imetambaa ndani ya ganda, na katikati ya mishipa kidoa cheusi kilichokuwa kikipiga, kikipiga, kikipiga.

Nyuma yake mtu aliacha kuimba. Huyo alikuwa Nkwabi, mjomba wake, mdogo wa marehemu mama yake, aliyefanya kazi naye nyumba ile ile. Nkwabi alikuwa mtu wa kuimba chini kwa chini asubuhi mpaka jioni, awe anaosha vizimba au anawagawia chatu panya. Sasa alikuwa kimya, na ukimya huo ulimtia Mbuke ubaridi kuliko lile yai.

"Hongera, Mwalimu," Nkwabi alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya kawaida mno.

Chatu walezi waliotoka kwenda kwa watu walikuwa majike watupu. Serikali iliruhusu waingie majumbani kwa sharti moja, kwamba hawatazaa nje ya Nyumba, hata siku moja. Kwa hiyo madume wote wa nchi nzima waliishi katika chumba kimoja, jirani na meza ile, nyuma ya mlango uliofunguliwa na viganja viwili tu. Kimoja kilikuwa cha Mbuke. Cha pili kilikuwa cha Nkwabi. Wote wawili waliingia humo kila siku kulisha, kwa hiyo hata mlango wenyewe, uliokumbuka kila aliyepita, haukuwa na la kusema.

Mbuke alijua kwamba hakumpeleka dume kwa Ngolo. Hesabu iliyobaki hata mtoto angeipiga.

Tena akakumbuka jambo. Wakati wa palizi Mwalimu alimleta Ngolo kwa matibabu, chatu akiwa anakataa kula. Nkwabi alimlaza chumba cha ndani na kumfunika kaniki nyeusi. Mbuke aliposhika pindo la kaniki ili atazame, mjomba alimpiga kofi mkononi, huku anacheka: "We! Chatu aliyefunikwa hatazamwi. Babu yako angekuchapa." Ilikuwa kweli. Babu yake alikuwa wa chama cha wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, na kwao chatu akifunikwa kaniki, aliyemfunika ndiye pekee anayemfunua. Mbuke aliachia pindo, akaenda zake. Mila ni mila.

Sasa alisimama na tochi mkononi akijiuliza: chini ya kaniki ile, Ngolo alikuwa peke yake?

* * *

Mkaguzi aliyetumwa na kampuni aliitwa Tatu Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mama mnene mwenye miwani ya kamba na kicheko cha karibu. Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, nawe ukacheka. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa: mama huyu alikuwa akiuliza maswali yake yote kwa utani, na hakuna aliyejua utani unaishia wapi.

"Nyie Wasukuma," alisema akijimiminia chai, "mkipewa ng'ombe mmoja mnataka zizi. Mkipewa nyoka mmoja mnataka ukoo. Haya, mlango una viganja viwili. Kipi kati ya hivyo kina tamaa?"

"Mzaramo akiona yai anatafuta kikaango," Nkwabi alijibu. "Usitutishe."

Wakacheka wote watatu. Macho ya Tatu Pazi hayakucheka.

"Mayu Mbuke, wewe ndiye mkuu hapa. Hujaona kitu?"

Mbuke alimtazama mjomba wake. Alikumbuka maneno aliyoyazoea kuyasikia kwake: kwamba ni aibu watu waliocheza na chatu tangu enzi za mababu leo waazimwe chatu kama sufuria ya shughuli. Kwamba mbegu ya kiumbe haiwezi kuwa ya kampuni. Alikuwa akiyasema kwa kucheka, lakini aliyasema mara nyingi. Kikulacho ki nguoni mwako, Mbuke aliwaza, na hasira ikampanda. Mjomba alijua kwamba Mbuke naye ana mtoto mgonjwa anayelindwa na chatu. Alijua kampuni ikiamua kuifunga Nyumba hii, nani ataumia kwanza. Na bado alithubutu.

"Alimfunika kaniki," akasema. "Nilipotaka kutazama, alinizuia."

Hakuongeza neno, na hakusema uongo.

Nkwabi alimtazama kwa muda mrefu. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Kweli," alisema. "Nilimfunika."

Tatu Pazi aliweka kikombe chini. Rafuni kulikuwa na kisomaji, mashine ndogo ya kusoma damu, ambayo ukiipa tone hukutajia mama wa kiumbe na baba yake. "Basi tuyasome mayai," alisema. "Tumjue na dume mwenyewe."

"Ya nini kupoteza muda?" Nkwabi alisema upesi. "Ni mimi. Nilifungua, nikamtoa dume, nikamrudisha. Andika hivyo, mtani, chai yako isipoe."

Mkaguzi alimkazia macho kidogo, kisha akainua mabega. Kiganja cha Nkwabi kilifutwa mlangoni mchana ule ule. Alichukua kofia yake na chupa ya ugoro, akaondoka bila kumuaga mpwa wake.

Kanuni ilisema jike aliyezaa nje ya Nyumba arudishwe pamoja na mayai yake. Kurudishwa ni neno zuri la kitu kibaya. Maana yake ni friza, halafu tanuri. Mbuke aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Ngolo hakupinga, chatu mlezi hapingi mkono anaoujua.

Nje, Mwalimu Balele alikuwa ameketi kwenye benchi na kapu tupu magotini.

"Watakupa mwingine, Mwalimu," Mbuke alimwambia.

"Mke mwingine?" mzee aliuliza. Akainuka, akalichukua kapu lake, akaenda.

* * *

Nyumbani kwa Mbuke alikuwapo Holo, bintiye wa pekee, umri wa miaka tisa, mwenye kifafa. Kidevuni alikuwa na kovu la siku aliyoangukia jiko. Kovu lile lilikuwa la mwisho. Baada yake alikuja Nshoma.

Nshoma alikuwa chatu, na alikuwa na jina la mama yake Mbuke, ndiyo maana Holo alimwita Bibi. Alikaa mkononi mwa Holo shuleni, chini ya sweta, na kitandani, na kisimani. Midomoni mwake mlikuwa na vishimo vya kuhisi joto, kama vya chatu yeyote, ila wabunifu wa Dar walivichonga mpaka viweze kusikia ngozi ya mtoto ikibadilika kabla mtoto mwenyewe hajajua. Mbuke aliyajua hayo kitaalamu. Lakini kila alipoyaona yakitendeka, alimshukuru mama yake.

Jumapili ile Holo alikuwa akibangua karanga. Nshoma, aliyekuwa amelala kifundoni mwa mkono wake, aligeuka njano mwili mzima, kama alivyobuniwa kuonya, akabana. Akaachia. Akabana tena. Mara tatu. Holo aliweka ungo pembeni, akasogeza kigoda, akalala ubavu kwenye mkeka na kuvuta khanga chini ya kichwa.

"Mayu," alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza mgeni, "inakuja."

Ikaja, ikamtikisa, ikapita. Hakujiumiza popote. Alipoamka aliomba maji na kuendelea na karanga zake.

Siku hizo, hata hivyo, Nshoma alikuwa akikataa panya. Tumbo lilimvimba. Mbuke alidhani anakaribia kuvua gamba. Kisha siku moja, wakati Holo yuko bafuni, Nshoma alijipenyeza stoo. Mbuke alimkuta ndani ya gunia la pamba lililofunguka mdomo, amejizungushia mayai, mwili wote ukimtetemeka kidogo kidogo kama chatu wanavyofanya wanapoyapasha joto.

Akapiga tochi. Mishipa. Kidoa kinachopiga.

Wazo la kwanza lilikuwa mjomba. Alikuwa amekuja mara mbili tangu afukuzwe, analeta viazi vitamu, anakaa na Holo uani, anamfundisha nyimbo. Mbuke alikuwa akijifungia jikoni kwa aibu na hasira mpaka aondoke. Basi kumbe! Ana dume kweli, amemficha mahali, na amemleta humu ndani kulipiza. Ananitia kwenye shimo lile lile nililomtia. Alipowaza hivyo aliuvuta mlango wa stoo akaufunga, maana mayai haya yakijulikana, Nshoma atakwenda friza, na Holo atarudi kuangukia jiko.

Lakini ushahidi aliutaka mkononi. Alilitoboa yai moja kwa sindano, akachukua tone, na kesho yake asubuhi, alipokuwa peke yake kazini, akalitia kwenye kisomaji. Angalau amjue huyo dume.

Upande wa mama, mashine iliandika: Nshoma. Upande wa baba iliandika: hakuna.

Aliifuta, akarudia. Hakuna. Akachukua tone la damu ya kitoto cha chatu kilichozaliwa hapo kwenye Nyumba ya Ulezi wiki ile, akalitia. Mashine ikamtajia mama, ikamtajia baba, bila kusita. Mashine ilikuwa nzima. Akarudia tone la yai la Nshoma kwa mara ya tatu. Hakuna.

Hakukuwa na dume. Hakukuwahi kuwa na dume. Nshoma alikuwa amezaa peke yake, na Ngolo vilevile, na mjomba Nkwabi hakufungua mlango wowote.

* * *

Alimkuta mjomba uani kwake, anakaza ngozi ya ngoma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunishtaki tena, au leo una nafasi ya chai?"

Mbuke alipiga magoti pale kwenye vumbi. "Nimesoma yai la Nshoma," akasema.

Mkono wa Nkwabi ulisimama kwenye kamba. "Nshoma naye?"

"Ulijua."

"Inuka, watu wanapita." Akamsogezea kigoda. Kisha akamweleza, bila kuimba na bila mzaha. Mwaka uliopita jike mmoja wa akiba, aliyezaliwa na kukua pale Nyumba ya Ulezi bila kumwona dume, alitaga mayai yenye uhai. Nkwabi aliyasoma, akakuta hakuna baba. Akayafukia, akanyamaza. Ngolo alipoletwa na tumbo lile, alimfunika kaniki akitumaini atataga humo humo, ayafukie na hayo. Ila Mwalimu hakuweza kulala bila chatu wake, akaja kumchukua mapema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Wewe ni mkuu wa Nyumba. Ungetakiwa useme." Akavuta ugoro, akapiga chafya. "Unakumbuka kizazi cha tano?"

Mbuke alikumbuka, na angependa asikumbuke. Chatu wa kizazi cha tano walikuwa na kasoro ndogo: wawili watatu waliwauma watu. Kampuni iliwarudisha wote, wilaya nzima, wazima na wabovu. Yeye na mjomba ndio waliojaza friza. Vikongwe walilifuata gari mpaka barabarani wakiwaita chatu kwa majina ya waume zao.

"Hiyo ilikuwa kwa kuuma tu," Nkwabi alisema. "Wakijua wanazaa wenyewe, leseni yote imekufa. Hatabaki chatu mlezi kwenye nyumba hata moja, Magu mpaka Bukoba. Kwa hiyo mkaguzi alipotaka kuyasoma yale mayai, niliona bora mwizi apatikane haraka. Na mwizi akapatikana." Alimtazama. "Ulinisaidia."

"Usiseme hivyo, mjomba."

"Nasema kweli. Mimi sina chatu. Wataninyang'anya nini, kofia?"

Lakini ngoma aliyokuwa akiikaza haikuwa ya kucheza. Alikuwa akiitengeneza ili airudishe. Wayeye walikuwa wamepanga kukutana Jumamosi kumtoa chamani, maana mwizi wa nyoka hashiki ngoma ya nyoka, na baba yake na babu yake walikuwa wameipiga ngoma ile. Alipokuwa akisema hayo aligeuza uso. Mbuke aliona shingo ya mjomba wake imekonda, akajichukia.

"Nitasema ukweli," akasema.

"Useme, Holo arudi kuangukia jiko? Na Holo si mmoja."

"Basi nitasema ni mimi niliyefungua."

"Nyumba ya mwizi hailei chatu. Unaijua kanuni, umeibandika mwenyewe ukutani. Watamchukua Nshoma siku hiyo hiyo."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Mbuke alizizungusha njia zote tatu kichwani. Akisema kweli, chatu wote wanakufa. Akijitwika uongo, Nshoma anakufa. Akikaa kimya, hakuna anayekufa. Ni jina la mtu mmoja tu litakalooza, mtu asiye na kosa, ambaye tayari amekubali. Njia hiyo ya tatu ilikuwa nyepesi mno, na kwa wepesi wake huo aliishuku.

"Yale mayai," akasema polepole. "Nshoma akiondoka, yanaweza kuanguliwa bila yeye?"

Nkwabi alimwelewa upesi. "Kwenye pamba, karibu na jiko, ukiyauguza kama mgonjwa... yanaweza. Lakini mpaka kitoto kikue kiweze kumlinda mtu, mvua zitakuwa zimekuja na kwisha. Hapo katikati mwanao atakuwa na nani?"

Mbuke aliinuka, akapangusa vumbi magotini.

"Na jambo jingine," mjomba aliendelea, sauti imeshuka. "Sijui kama tunafanya vizuri. Nyoka asiyemhitaji dume wala kampuni wala mimi... Pengine serikali haikuwa na ujinga kuweka lile sharti. Usidhani nimelala vizuri tangu mwaka jana."

* * *

Ijumaa Tatu Pazi alirudi kuandikisha kiganja cha mtu mpya mlangoni. Mbuke alimngoja amalize chai.

"Si mjomba," akasema. "Ni mimi niliyemtoa dume."

Mkaguzi alivua miwani. Kwa mara ya kwanza hakutania. "Kwa nini?"

"Nilitaka mwanangu awe na chatu mwingine, huyu wake akizeeka. Nilimjaribu Ngolo kwanza."

"Na mjomba akakubali kubeba?"

"Ni mjomba."

"Na leo umeamua kusema."

"Kesho wanamnyang'anya ngoma. Sikujua watafika huko."

Tatu Pazi alimzunguka Mbuke kama mnunuzi anayemzunguka ng'ombe mnadani. Akanyoosha vidole, akachomoa kitu begani mwake: uzi wa pamba, mweupe. Asubuhi hiyo, kabla ya kuja kazini, Mbuke alikuwa amelibeba kapu lililojaa pamba mpaka kwa mjomba wake.

"Nyie Wasukuma na pamba yenu," alisema mkaguzi. "Msimu si ulikwisha?"

Mbuke alisogeza vikombe vya chai pembeni.

"Yale mayai ya Ngolo," Tatu Pazi aliendelea, akiutazama ule uzi, "laiti tungeyasoma."

"Yalichomwa."

"Ndiyo. Kweli, yalichomwa." Akaupuliza uzi, ukaelea, ukapotea chini ya meza. "Dar wataniuliza kama nimeona ajabu lolote huku. Nitawaambia nimeona Msukuma anakiri bila kubanwa. Hawataniamini." Akacheka kile kicheko chake cha karibu. Je, alijua? Mbuke alimchunguza usoni mpaka mwisho na hakupata kitu. Miezi mingi baadaye bado angekuwa anashtuka kila gari geni linapopunguza mwendo mbele ya nyumba yake.

Kiganja cha Mbuke nacho kikafutwa mlangoni, kisha wakaenda nyumbani kwake pamoja. Holo alimvua Nshoma mkononi mwenyewe, pindo kwa pindo, akamwingiza kwenye mfuko wa mkaguzi, kwani mama yake alishindwa.

"Atalala wapi huko?" Holo aliuliza.

"Mahali pa baridi kidogo," alisema Tatu Pazi, akaangalia kando.

Jumamosi wayeye walikutana. Nkwabi hakutolewa chamani. Aliipiga ngoma mpaka jua likazama, na waliokuwapo wanasema aliipiga vibaya sana, kama mtu anayeigombeza. Jina la Mbuke nalo lilianza safari yake. Kisimani wanawake walimpisha njia bila kumsalimu. Mwalimu Balele alikutana naye sokoni, akamtazama, akatema mate chini. Hilo ndilo lililomliza.

Jikoni kwa mjomba, karibu na mafiga, kulikuwa na kapu limefunikwa kaniki nyeusi. Holo alipopelekwa kusalimia alinyoosha mkono kushika pindo.

"We!" Nkwabi alisema. "Aliyefunikwa hatazamwi."

Mbuke aliacha kulala upande wake wa kitanda. Popote Holo alipo, yeye alikuwapo, kidole gumba chake kimewekwa kifundoni mwa mkono wa mtoto. Shuleni alikaa nje ya dirisha. Watoto wakamcheka, wakazoea. Alijaribu kuisikia ngozi: inapata joto? inapoa? Miaka kumi na miwili alikuwa amewafuga viumbe wanaolijua jambo hili, naye hakuwahi kujifunza hata herufi moja ya kwao.

Siku ya nne kifafa kilikuja. Walikuwa uani, karanga tena. Mbuke alihisi kitu kama jasho chini ya kidole, akajiuliza kama ni jasho, na alipokuwa bado anajiuliza Holo alikuwa ameshaanguka. Alimdaka kichwa kabla hakijafika kwenye ungo. Alimlaza ubavu, akamshika, akamwita kwa majina yote aliyokuwa nayo, mpaka ikapita. Kiwiko cha mtoto kilikuwa kimechubuka.

Holo alifumbua macho, akanywa maji, akautazama mkono wake. Ulikuwa na alama nyekundu za vidole.

"Mayu, umechelewa."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Na unabana vibaya. Bibi habani hivyo." Akauchukua mkono wa mama yake, akaulaza mapajani mwake, akauzungushia vidole vyake vyembamba. "Anaanza hivi. Polepole. Halafu anaachia. Umeona? Halafu tena."

Mbuke alifumba macho ili asikie vizuri.

"Rudia," alisema.